Kukata, Kupasua na Kupasuka: Uhakiki wa Istilahi za Msumeno wa Mnyororo

1. Utangulizi

Upepo unaotangulia mvua za Disemba katika nyanda za kati hauna simile. Mti uliosimama uani kwa mtu miaka arobaini waweza kulala chini kwa dakika moja, mizizi ikitazama mbingu. Na asubuhi yake mwenye ua akawa na shughuli tatu: kusafisha njia, kuwaarifu wanaohusika, na kumtafuta fundi wa kuugeuza mti ule kuwa mbao kabla majirani hawajaugeuza kuwa kuni. Mti wa namna hiyo, mwarobaini mmoja ulioanguka pembeni mwa mji wa Dodoma, ndio uliotufanya tuandike makala haya.

Siku chache kabla ya hapo tulikuwa tumeletewa rasimu ya kijitabu cha maelekezo kuhusu matumizi salama ya msumeno wa mnyororo. Kilikuwa kimetafsiriwa kutoka Kiingereza na ofisi moja ambayo hatuitaji kwa jina, kwa maana kosa tutakalolizungumzia ni la wengi, nasi wenyewe tumo. Tuliisoma rasimu ile mezani, tukasahihisha vituo na viambishi, tukaiona kuwa nzuri. Kisha, kwa bahati tu, tukaalikwa kwenda kutazama kazi yenyewe ya kuupasua ule mwarobaini. Tulikaa pale kutwa. Tuliporudi jioni tukaifungua tena ile rasimu, tuliona haya kwa jinsi tulivyokuwa tumeisifu.

Hoja yetu ni hii. Makosa tuliyoyakuta hayakutokana na upungufu wa Kiswahili. Yalitokana na mfasiri, pamoja na sisi tuliomsahihisha, kukiuliza Kiingereza maneno yake bila kukiuliza Kiswahili kina maneno gani tayari. Na katika kazi hii kosa la istilahi haliishii kwenye karatasi; hulipwa kwa fedha ya mwenye mti au kwa mwili wa mwenye msumeno.

2. Jina la mashine

Tuanze na jina. Mashine hii ilianza kutengenezwa Ujerumani katika miaka ya 1920, ikiwa nzito ya kubebwa na watu wawili. Baadaye ikapungua uzito hata mtu mmoja akaweza kuimudu. Katika maandishi yetu rasmi imeitwa msumeno wa mnyororo. Mafundi wetu huiita cheniso. Nchini Kenya wengi husema pawaso. Na wapo wanaoiita msumeno wa moto.

Hatuoni sababu ya kuliacha jina rasmi. Ni refu, lakini linasema kweli: meno ya msumeno huu yamefungwa juu ya mnyororo, na mnyororo ndio unaokwenda. Jina la msumeno wa moto nalo lina mantiki yake, kwa kuwa moto katika usemi wa watu ni pamoja na nguvu ya injini. Hata hivyo, katika mikoa ambako kila kiangazi watu huonywa juu ya moto wa porini, ilani inayotaja moto na miti pamoja yaweza kusomwa visivyo. Ama cheniso, hilo ni neno la mazungumzo lenye afya, wala hatuna haja ya kulipiga vita. Mfasiri akiandikia mafundi, na alitaje mara moja mwanzoni ili msomaji ajue kinachozungumzwa, kisha aendelee na jina sanifu.

Jambo moja linafaa kuangaliwa hapa. Sote tunaujua msemo kwamba sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Msemo huo ulizaliwa na msumeno wa mkono. Msumeno wa mnyororo haukati mbele na nyuma: mnyororo wake huzunguka upande mmoja tu, ukienda mbele kwa upande wa juu na kurudi kwa mshikaji kwa upande wa chini. Tutaona punde kwamba asiyelifahamu hilo hawezi kutafsiri sura ya usalama, hata awe na kamusi tano mezani.

3. Mti ulioanguka na mti ulioangushwa

Rasimu ilitumia maneno mawili tu kwa kila mti ulio chini: "mti uliokatwa" na, pale mwandishi alipotaka heshima zaidi, "mti uliovunwa".

Neno kuvuna limeenea sana katika lugha ya idara za misitu, nasi hatuligombi linapohusu mashamba ya miti. Pale Sao Hill wilayani Mufindi miti hupandwa, hupunguzwa, na ikifika umri wake hukatwa. Huko kuvuna ni kuvuna. Lakini mwarobaini ulioangushwa na upepo haukuvunwa na mtu. Wala haukukatwa. Kuuita hivyo ni kumbandika mwenye ua tendo ambalo hakulitenda. Na kwa kuwa kukata mti ni jambo linaloweza kumdai mtu kibali, neno hilo lililoandikwa bila uangalifu katika fomu ya mtendaji wa kata laweza kumfikisha mtu mahali asipostahili kufika.

Kiswahili hakikutuacha mikono mitupu hapa. Mti ulioanguka ni ule ulioanguka wenyewe. Mti ulioangushwa una aliyeuangusha, mtu au upepo, naye hana budi kutajwa. Mti uling'oka, ikiwa umetoka na mizizi yake. Ulivunjika, ikiwa shina limekatika katikati. Viambishi vya vitenzi vyetu vinabeba tofauti ambazo lugha nyingine huzieleza kwa sentensi nzima.

Na tofauti hizo si pambo. Fundi tuliyemtazama alianza kwa kuuzunguka mti mara mbili bila kugusa mashine. Alikuwa akitazama kama umeng'oka au umevunjika. Mti uliong'oka huwa na kisahani kikubwa cha mizizi na udongo kilichoinuka; ukilikata shina karibu na mizizi ile, kisahani chaweza kurudi shimoni ghafla, na ole wake aliyesimama nyuma yake. Mti uliovunjika hauna hatari hiyo, bali waweza kuwa na nyufa za ndani zinazoharibu mbao. Kisha akatazama matawi yaliyobeba uzito wa shina. Upande mmoja wa tawi lililopinda umevutwa, upande wa pili umebanwa. Ukikata kwa pupa upande uliovutwa, tawi hufyatuka. Ukiingia upande uliobanwa, msumeno hung'ang'aniwa. Rasimu ilieleza yote haya kwa neno moja, "presha". Maneno mvuto na mbano yangetosha, na kila aliyewahi kutega mtego wa fimbo angeyaelewa.

4. Kukata, kuchana, kupasua

Hapa ndipo penye kiini cha uhakiki wetu. Katika kurasa zote za rasimu kitenzi kilikuwa kimoja: kukata. Kata tawi, kata gogo, kata mbao.

Fundi hasemi hivyo. Kwake kukata ni kupitisha msumeno kukingama shina, ili kupata magogo au pingili. Kupasua ni kupitisha msumeno kwa urefu wa gogo, kufuata nyuzi za mti, ili kupata mbao. Na ubao uliokwisha kupasuliwa ukigawanywa tena kwa urefu kwenye mashine ya karakana, hapo husemwa unachanwa. Ni matendo matatu, na kila moja lina jina lake.

Tofauti hii imo hata ndani ya chuma. Mnyororo wa kukata hunolewa kwa pembe ya nyuzi 30 hivi. Mnyororo wa kupasua hunolewa kwa pembe ya karibu nyuzi 10. Ukipasua kwa mnyororo wa kukata, kazi huenda, lakini uso wa ubao hutoka na makwaruzo na mashine hutaabika. Mwongozo unaosema "mnyororo wa kukata mbao" haumwambii msomaji anunue upi.

Tofauti hii imo katika sheria pia. Nchini Ghana, kanuni za mwaka 1998 zilipiga marufuku kutumia msumeno wa mnyororo kugeuza magogo kuwa mbao za kuuzwa. Hazikukataza msumeno huo kuangusha miti. Uzito wote wa kanuni ile umekaa juu ya kitenzi kimoja. Tuchukulie kwamba kanuni ya namna hiyo inaandikwa kwa Kiswahili, na mwandishi wake anatumia "kukata mbao". Hakimu ataelewa nini? Je, mtu aliyekata ubao wake vipande viwili apate kutengeneza kigoda amevunja sheria? Tangu mwaka 2021, sheria ya Tanzania ilipoifanya lugha ya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, swali kama hili limetoka katika semina za wanaisimu likaingia mahakamani.

Yapo mawili zaidi ya kusema juu ya kupasua. La kwanza ni kwamba neno upasuaji limechukuliwa na hospitali, na limekaa vizuri huko. Daktari mpasuaji na fundi mpasuaji si mtu mmoja. Tunashauri basi kwamba katika orodha za kazi aandikwe mpasua mbao, jina ambalo mafundi wanalo tayari, na kazi yake iitwe upasuaji mbao, bila kulifupisha.

La pili lilitugharimu. Katika kiambatisho cha rasimu palikuwa na mfano wa hati ya kupokelea mbao, na mfasiri akaandika: "mbao zilizopasuka". Sisi tukaipitisha. Tulipomwonyesha fundi alicheka, akauliza ni nani atakayenunua mbao zilizopasuka. Alikuwa na haki. Zilizopasuliwa ni kazi ya mikono yake. Zilizopasuka ni hasara yake. Kati ya viambishi viwili, wa na k, pana tofauti ya mali nzima na mali mbovu. Mtunza ghala akiifuata hati ile kwa uaminifu, ataziandika mbao zote katika safu ya vitu vilivyoharibika.

Na kupasuka si jambo la nadharia katika nyanda za kati. Mvua za Dodoma ni za msimu mmoja, hazizidi sana milimita 600 kwa mwaka, na miezi iliyobaki ni jua na upepo mkavu. Ubao mbichi ukiachwa juani, ncha zake hukauka upesi kuliko katikati, nazo hupasuka. Ndiyo maana fundi hupaka ncha rangi au nta siku ile ile, huzipanga mbao kivulini, na kati ya ubao na ubao huweka vijiti vya unene sawa ili hewa ipite. Kanuni ya mazoea ni mwaka mmoja wa kukausha kwa kila inchi moja ya unene. Kwa hiyo mwongozo wowote wa kazi hii utahitaji vitenzi vyote viwili, kupasua na kupasuka, tena katika ukurasa mmoja. Mwandishi asiyevitenga atakuwa anamwagiza msomaji wake azuie jambo lile lile alilomwagiza afanye.

5. Banzi si bao

Neno la Kiingereza lililomshinda kabisa mfasiri ni slab. Katika ukurasa mmoja aliliita slabu, katika mwingine banzi, na katika wa tatu kipande.

Slabu katika mji unaojengwa kwa kasi kama Dodoma ni sakafu ya zege, wala hakuna fundi atakayefikiri vinginevyo. Kipande ni kitu chochote. Banzi ndilo kosa kubwa zaidi, kwa sababu linafanana na ukweli. Gogo ni mviringo. Mpasuaji akitaka kupata mbao zenye pande nne huondoa kwanza ubavu wa gogo, ule wenye gome upande mmoja na ubapa upande wa pili. Ubavu ule ndio banzi. Mabanzi huuzwa kwa bei ya chini, hujengewa nyua na mabanda, au huchomwa. Katika Kiingereza neno slab lina maana hiyo. Lakini lina maana nyingine pia, ambayo ndiyo iliyokusudiwa katika kijitabu: ubao mnene na mpana uliopasuliwa kutoka upana wote wa gogo, wenye gome au umbo la asili pande zote mbili, unaofaa kwa meza au kaunta. Hiyo ndiyo sehemu ya thamani kuu ya mti. Kuiita banzi ni kumwambia mwenye mti kwamba nyama ni mfupa.

Tuiteje basi? Kanuni inayojulikana ya kuunda istilahi inatuagiza tuanze na Kiswahili chenyewe, kisha lugha za Kibantu na lugha nyingine za Afrika, ndipo twende mbali zaidi. Hapa hatuhitaji hata kutoka nje ya mlango. Sarufi yetu huukuza ubao ukawa bao. Tunajua kwamba neno bao lina kazi nyingi: ni mchezo, na ni goli la mpira. Lakini mchezo wa bao wenyewe umepata jina kutokana na ubao mnene uliochongwa mashimo, hivyo neno halitoki mbali. Ili kuondoa utata tunapendekeza bao la gogo, kwa wingi mabao ya gogo. Msomaji atakayeliona mara ya kwanza halitampotosha, na hiyo ndiyo sifa ya kwanza ya istilahi.

Pana pengo jingine ambalo rasimu haikulijaza kwa neno lolote: ule upana unaoliwa na msumeno wenyewe. Mfasiri aliuruka. Hebu tuone ameruka nini. Gogo la mwarobaini ule, baada ya kuondoa mabanzi, lilibaki na kimo cha sentimita 42. Mnyororo hula karibu sentimita 1 kila unapopita. Ukipasua mabao ya sentimita 5 utapata 7, na sentimita 7 zitakuwa vumbi. Ukipasua mbao za sentimita 2.5 utapata 12, na sentimita 12 zitakuwa vumbi. Yaani zaidi ya robo ya mti imekuwa unga chini ya miguu. Gogo lile lile likipelekwa kwenye kiwanda chenye msumeno wa utepe, unaokula yapata milimita 3, litatoa mbao 15 za sentimita 2.5, na hasara yake ni sentimita 4.5. Ndiyo sababu msumeno wa mnyororo unafaa kwa mabao manene, na kwa mti ulio mahali ambapo gogo halibebeki, lakini ni mharibifu kwa mbao nyembamba. Mwenye mti akilijua hilo mapema ataagiza kazi tofauti. Ila hawezi kulijua katika kitabu ambacho hakina neno lake.

Fundi alisema kwa urahisi kwamba msumeno "unakula". Kitenzi hicho ni kizuri, na tunapendekeza kitumike. Kwa jina, hata hivyo, tunasita kusema ulaji, kwa maana neno hilo limekwisha kupata ajira katika maofisi. Na tuseme mwanya wa msumeno. Ule unga nao uitwe vumbi la mbao, usichanganywe na maranda, ambayo hutoka katika randa.

Kabla ya kuondoka hapa, tukumbushe kwamba neno mbao lina mipaka yake. Mgeni anayeingia Dodoma huuona mbuyu, mnene kuliko mti wowote, akafikiri kwamba una mbao nyingi kuliko miti yote. Shina la mbuyu ni laini na limejaa maji. Huwezi kupasua humo mbao ya kujengea. Kila mti una shina, si kila shina lina mbao. Fomu inayouliza "idadi ya mbao zitakazopatikana" kwa mti wowote ulioanguka imeandikwa na mtu ambaye hakuuliza kwanza ni mti gani.

6. Msumeno unaporusha teke

Sura ya usalama ndiyo iliyotutia hofu. Jambo la hatari kuliko yote katika msumeno huu hutokea pale robo ya juu ya ncha inapogusa mti. Meno, yakiwa katika mwendo wa kama mita 20 kwa sekunde, hukwama kwa kufumba na kufumbua. Nguvu yote huurusha msumeno juu na nyuma, kuelekea uso na bega la mshikaji. Rasimu ilisema: "Jihadhari, msumeno unaweza kurudi nyuma."

Msomaji ataelewa nini? Gari hurudi nyuma. Mtu mwenye busara hurudi nyuma. Kurudi nyuma katika Kiswahili ni tendo la taratibu, na mara nyingi ni la usalama. Hapana katika maneno yale kinachomwambia kijana anayeshika mashine kwa mara ya kwanza kwamba meno yatamwendea usoni kabla hajapepesa macho. Kila mwanakijiji wa nyanda za kati amefuga punda au amepishana naye njiani. Anajua teke ni nini: ni la ghafla, ni la nguvu, na humpata aliyesimama mahali pabaya. Tunapendekeza teke la msumeno, na tungetaka ilani isomeke hivi: Usiguse mti kwa robo ya juu ya ncha, msumeno utarusha teke usoni mwako.

Kutokana na mwendo wa mnyororo tulioutaja mwanzoni, yako mambo mawili mengine yanayohitaji majina. Ukikatia upande wa chini, msumeno huvuta, yaani hujiingiza mtini na kumvuta mshikaji. Ukikatia upande wa juu, husukuma, yaani humrudia. Vitenzi hivi ni vya kila siku. Rasimu ilivipuuza ikaandika "mwitiko hasi" na "mwitiko chanya", maneno ambayo huenda yakamfaa mwalimu wa fizikia, bali si mtu mwenye injini inayonguruma mikononi na vizibo masikioni.

Majina ya sehemu za mashine nayo yalitia huzuni, na mara moja moja yalichekesha. Kile chuma bapa na kirefu ambacho mnyororo hukizunguka kiliitwa "baa ya mwongozo". Kwa msomaji wa leo baa ni mahali pa vinywaji, na mwongozo ni kitabu. Lakini tunalo neno ubapa, tunalolitumia kwa kisu na kwa upanga. Ubapa wa msumeno unatosha, na ncha ya ubapa vilevile. Kinachowekwa katika mwanya ili usijifunge na kuubana msumeno kiliitwa "weji", hali kila mpasua kuni anajua kwamba ni kabari. Na palipoelezwa jinsi ya kunoa, tulisoma kwamba meno yanolewe kwa "faili la mviringo". Watumishi wa serikali wanaosoma jarida hili wamezungukwa na mafaili tangu asubuhi hadi jioni, na hakuna hata moja linaloweza kunoa kitu. Chombo hicho ni tupa. Kimo katika sanduku la kila seremala kuanzia Kondoa hadi Mpwapwa.

7. Hoja zinazoweza kutolewa dhidi yetu

Tunajua tutaambiwa kwamba tunakuza jambo dogo, kwa sababu fundi ataelewa tu. Ni kweli; fundi wetu aliisoma ile "baa ya mwongozo" akaelewa. Lakini alielewa kwa kuwa aliijua kazi kabla ya kukijua kitabu. Mwongozo hauandikwi kwa ajili yake. Huandikwa kwa ajili ya yule asiyejua, ambaye hana kitu kingine cha kumlinda isipokuwa maneno yaliyomo.

Wengine watasema kwamba maneno ya mafundi hutofautiana kutoka mahali hadi mahali, na kwamba kazi ya usanifishaji ni kuyaondoa matofauti hayo. Hapo tunakubaliana nao nusu. Kusanifisha ni kuchagua, na huwezi kuchagua ambacho hukukusanya. Randa, tupa, patasi, timazi na kabari hayakupangwa na kamati. Mengine yalitoka ng'ambo pamoja na vyombo vyenyewe, mengine ni ya hapa hapa. Yote yalipita mikononi mwa watu wa kazi, yakabaki yaliyofaa. Mwanaistilahi anayeketi na orodha ya Kiingereza pekee hajaanza kusanifisha bado, amenakili tu.

Tunakiri kwamba nasi tuliketi hivyo. Orodha nyingi zilizopita mezani kwetu zilikuja zikiwa na safu mbili, Kiingereza kushoto na Kiswahili kulia, nasi tukajaza nafasi zilizo wazi. Safu ya tatu, ya maneno yanayosemwa na wenye kazi, haikuwapo. Tunapendekeza iwepo, na ijazwe kwanza.

8. Mapendekezo

Tunatoa istilahi zifuatazo zijadiliwe na wasomaji kabla ya kupelekwa mbele:

Kukata: kupitisha msumeno kukingama shina au gogo.
Kupasua: kupitisha msumeno kwa urefu wa gogo ili kupata mbao.
Kuchana: kugawanya kwa urefu ubao uliokwisha kupasuliwa.
Kupasuka: kuingia ufa kwa ubao, hasa wakati wa kukauka.
Mpasua mbao: mtu ambaye kazi yake ni kupasua magogo.
Banzi: ubavu wa gogo wenye gome upande mmoja.
Bao la gogo: ubao mnene wenye upana wote wa gogo.
Mwanya wa msumeno: nafasi inayoachwa na meno yanapopita.
Ubapa wa msumeno: chuma bapa kinachozungukwa na mnyororo.
Teke la msumeno: mruko wa ghafla wa msumeno kumwelekea mshikaji.
Kabari: kipande cha kuzuia mwanya usijifunge.
Kiunzi cha kupasulia: fremu inayofungwa kwenye ubapa ili unene wa mabao uwe sawa.

Hilo la mwisho tulilipata jioni. Kwa mpasuo wa kwanza, ambao hauna uso ulionyooka wa kufuata, fundi alilaza ngazi juu ya gogo, akaikaza kwa misumari, na kiunzi kikateleza juu yake. Tulimwuliza ngazi ile inaitwaje inapofanya kazi hiyo. Akatutazama kwa mshangao akasema: "Ngazi." Tukaandika hivyo.

9. Hitimisho

Rasimu ile tuliirudisha kwa wenyewe ikiwa na wino mwekundu mwingi zaidi kuliko mara ya kwanza, pamoja na barua ya kuomba radhi kwa kuisifu. Walitupokea kwa uungwana, na mfasiri mwenyewe akaomba apelekwe mahali mti unapopasuliwa. Hilo tunaliona kuwa jambo jema kuliko masahihisho yote.

Wasomaji walioko Kondoa, Mpwapwa, Manyoni, Singida na kwingineko, hasa walimu walio karibu na mafundi, tunawaomba watuletee maneno wanayoyasikia, pamoja na maelezo ya tendo ambalo kila neno linataja. Tungependa kupata pia maneno ya Kigogo, Kirangi na Kinyaturu yanayohusu mti na sehemu zake, kwa maana huko ndiko kanuni yetu inakotuagiza twende mara tu Kiswahili kinapotuishia. Mwaka huu upepo wa Disemba utaangusha miti mingine. Ni vema tuwe na maneno tayari kabla msumeno haujawashwa.